Sheikh Abdullah Saleh Farsy: Mwalimu Aliyeifasiri Qur'ani kwa Kiswahili

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu, na tunamtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, hapa Singida mtoto wa Kinyaturu au wa Kinyiramba huanza kusema lugha ya mama yake. Kiswahili hukipata baadaye, na Kiarabu hukutana nacho chuoni juu ya ukurasa wa juzuu. Wazee wetu wengi walihitimu wakiwa hodari wa kusoma, na wakafariki bila ya kufahamu maana ya sura walizozihifadhi. Aliyefanya kazi kubwa ya kuondoa kizuizi hicho katika Afrika Mashariki ni marhumu Sheikh Abdullah Saleh Farsy.

Sheikh alizaliwa Unguja mwaka 1912. Ndio mwaka ambao reli ya kati kutoka Dar es Salaam, iliyokatiza Manyoni na Itigi, ilifika Tabora na kuifungua zaidi njia baina ya pwani na bara. Unguja ya siku hizo ilikuwa kituo cha elimu kilichoendewa na wanafunzi kutoka Lamu, Mombasa na Ngazija. Kijana Abdullah alisoma kwa masheikh wakubwa wa zama zake, miongoni mwao Sayyid Umar bin Ahmad bin Sumayt, aliyekuwa kadhi na bingwa wa madhehebu ya Shafii. Wakati huohuo alisoma skuli za serikali, na katika miaka ya 1930 akawa mwalimu wa skuli hizo.

Ualimu huo ndio uliomfunza namna ya kusema na watu. Alizoea kueleza jambo zito kwa maneno ambayo mtoto wa darasani anayaelewa, na akaandika vitabu vidogo vidogo kwa Kiswahili: sala, ndoa na talaka, maisha ya Mtume (S.A.W.), na historia ya Sayyid Said bin Sultan. Aliandika pia habari za wanavyuoni wa Kishafii wa Afrika ya Mashariki: nani alisoma kwa nani, na nani alimrithi nani. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiingereza na kuchapishwa Marekani mwaka 1989, nacho hutegemewa na watafiti wa historia ya Uislamu katika nchi zetu.

Lakini kazi iliyolibakisha jina lake ni tafsiri ya Qur'ani. Hakuwa wa kwanza kuiendea. Mwaka 1923 padri Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana aliyeishi Zanzibar, alichapisha tafsiri ya Kiswahili. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alifariki mwaka 1947 akiwa ameianza kazi hiyo bila ya kuimaliza. Mwaka 1953 Maahmadiya wakatoa tafsiri yao Nairobi. Kwa hiyo Muislamu asiyejua Kiarabu, akitaka kusoma maana ya Kitabu chake chote kwa Kiswahili, alikuta iliyoandikwa na padri au iliyoandikwa na kundi ambalo wanavyuoni wa Kisunni waliipinga itikadi yake.

Palikuwa na hofu vilevile. Wako waliochelea kwamba watu wakipata maana kwa Kiswahili wataiacha Qur'ani yenyewe, au kila mtu atajitolea hukumu atakavyo. Hofu hiyo haikuwa ya kudharauliwa. Sheikh Abdullah aliijibu kwa namna alivyoipanga kazi yake: aliacha matini ya Kiarabu mahali pake, akaweka maana kando yake, kisha akatia maelezo ya kufafanua na kuwajibu aliowaona wamepotosha. Katika miaka ya 1950 na 1960 aliitoa kazi hiyo kwa sehemu, huku akiendelea na kazi za kila siku. Mwaka 1960 alifanywa kadhi wa Zanzibar, akakaa hadi mwaka 1967 alipohamia Kenya, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa huko. Mwaka 1969 Qurani Takatifu ilitoka nzima, ikichapishwa na Islamic Foundation ya Nairobi.

Aliandika kwa Kiswahili cha Unguja, na lahaja hiyo ndiyo iliyokuwa imechaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika miaka ya mwisho ya 1920. Kwa hiyo mtoto wa Iramba au Manyoni aliyejifunza kusoma katika shule ya msingi alikuwa tayari ameshika ufunguo wa tafsiri ile, hata kama hajawahi kuiona bahari.

Katika miaka yake ya mwisho Sheikh alizidi kuwa mkali juu ya mambo aliyoyaona kuwa ni bidaa, akaandika kitabu juu yake, na baadhi ya wanavyuoni wenzake wakatofautiana naye waziwazi. Mzozo huo haujaisha hadi leo. Hata hivyo, katika misikiti ya pande zote mbili utaikuta tafsiri yake kabatini, kurasa zimechakaa kwa kufunguliwa.

Aliacha ukadhi mwaka 1980, akahamia Oman, na huko akafariki mwaka 1982. Baada yake zimetoka tafsiri nyingine, mashuhuri ikiwa ile ya Sheikh Ali Muhsin Barwani ya mwaka 1995. Hilo ni jambo la heri, kwani tafsiri ni juhudi ya mwanadamu, na mwanadamu huacha nafasi ya mwenziwe kuongeza.

Ndugu zangu, yeye alitumia miaka mingi ili sisi tufahamu. Haki yake kwetu ni kuifungua kazi hiyo mbele ya watoto wetu, pamoja na mwalimu anayejua, ili mtoto asihitimu leo kama walivyohitimu babu zake. Mwenyezi Mungu amrehemu na ajaalie elimu yake iwe sadaka yenye kuendelea. Amin.