Mlezi wa Walimu

Leo tunamkumbuka Johann Heinrich Pestalozzi, mwalimu wa Uswisi aliyezaliwa mjini Zürich mwaka 1746. Wengi humjua kuwa mlezi wa watoto. Sisi tunamtaja kwa sababu nyingine: alikuwa pia mlezi wa walimu.

Kazi haikumnyookea. Shule yake ya watoto maskini huko Neuhof ilifungwa mwaka 1780 kwa kukosa fedha. Mwaka 1799 alikabidhiwa mayatima wa vita wapatao 80 mjini Stans, bila ya mwalimu wa kumsaidia. Ikambidi awaelekeze watoto wakubwa wapate kuwafundisha wadogo. Miezi michache baadaye nyumba ile ikageuzwa hospitali ya askari, naye akaondoka hali mgonjwa.

Katika ngome ya Burgdorf, mwaka 1800, alimpokea Hermann Krüsi, kijana aliyekuwa mchukuzi wa nyuzi milimani kabla ya kupewa shule pasipo mafunzo. Pestalozzi hakumdharau, wala hakumwachia darasa akaenda zake. Walifanya kazi bega kwa bega kwa miaka mingi. Mwaka 1833 Krüsi mwenyewe alikuwa mkuu wa chuo cha ualimu huko Gais.

Sifa hiyo ilivuka mipaka. Tangu mwaka 1809 serikali ya Prussia ilipeleka vijana wake Yverdon, alikohamishia chuo. Huko waliishi na walimu na watoto, wakaona masomo yakifundishwa, nao wakafundisha. Lakini ugomvi baina ya wasaidizi wake ulikidhoofisha chuo hicho, kikafungwa mwaka 1825. Pestalozzi akafariki tarehe 17 Februari, 1827.

Maisha hayo yana funzo kwetu sisi watu wa visiwani. Kijana anayepelekwa Tumbatu kufanya mazoezi ya kufundisha hatoshelezwi na msimamizi anayefika siku moja, akatazama andalio la somo, akajaza fomu na kuwahi mashua. Anahitaji mwalimu mzoefu wa kukaa naye darasani, kumsahihisha faraghani na kumtia moyo anaposhindwa.

Tunawaomba wakuu wa elimu wawape wasimamizi muda na nauli ya kutosha, na walimu wakuu wawapokee vijana hao kama wanafunzi wao wenyewe. Anayemwacha mwalimu mchanga peke yake, amewaacha peke yao watoto wote atakaowafundisha.