David Livingstone, mwanafunzi wa kiwanda

Livingstone wa safari kila mtu anamjua. Leo tunaleta Livingstone mwanafunzi, sababu mtihani wa Serikali unakaribia na wengi wetu tunasoma vibaya.

Alizaliwa Blantyre, inchi ya Scotland, tarehe 19 Machi 1813. Jamaa yote ilikaa katika chumba kimoja. Alipokuwa na miaka 10 akaingia kiwanda cha pamba, kazi yake kufunga nyuzi zilizokatika, tangu saa 6 ya asubuhi mpaka saa 20. Kisha masomo ya usiku mpaka saa 22, na nyumbani tena kitabu, mpaka mama yake alipokuja kumnyang'anya. Kwa sehemu ya mshahara wa juma la kwanza alinunua sarufi ya Kilatini (wenzetu wa Kilatini wasikie!).

Kitabu alikiweka juu ya mashini. Kila alipopita alishika sentensi moja, akaenda nayo, akarudi, akashika ingine. Tukae hapa kidogo. Mtu anayetembea na sentensi moja analazimishwa kuisema peke yake bila kuangalia, na akirudi kitabu kinamwonyesha mahali alipokosa. Sisi je? Tunapita kurasa kumi mbio mbio mbele ya taa, tunapiga mistari kwa biki, tunafunga kitabu, na kesho hakuna kitu.

Lakini msifikiri kichwa chake kilikuwa cha ajabu. Mwaka 1838 alikwenda Ongar, Uingereza, kujifunza kazi ya misioni. Siku moja wakamtuma kuhubiri katika kijiji cha Stanford Rivers. Mahubiri yote alikuwa ameyashika kwa kichwa. Akasimama, akasoma Andiko, na maneno yote yakakimbia. Akaomba radhi, akatoka kanisani. Mwalimu wake alimwona dhaifu, na kidogo tu wangemkataa; wakamwongezea miezi ya kujifunza. Sisi tunaoandika tunamhurumia sana, juu mwaka uliopita tulishika somo la historia neno kwa neno. Mbele ya kalasi neno la kwanza likapotea, na mengine yote yakalifuata. Watu walicheka.

Alimaliza masomo ya uganga mwaka 1840, akafika Afrika 1841. Kusudi ajue lugha ya Bakwena, aliwaacha Wazungu wenzake karibu miezi sita, akakaa na wenyeji tu. Kusikia na kujibu kila siku, hiyo ndiyo iliyomfundisha.

Mwaka 1871 akafika Nyangwe, katika Maniema, kwenye Lualaba hii hii yetu. Maji yanapita hapa Malemba kwanza. Karatasi zikamwishia. Hakuacha kuandika: alichukua gazeti la zamani, akaandika juu ya maneno yaliyochapwa, kwa wino wa matunda ya pori. Basi anayeandika masomo yake nyuma ya karatasi ya zamani asione haya.

Alifikiri Lualaba ni mwanzo wa Nile. Alikosea, mwaka 1877 Stanley aliifuata mpaka Boma. Livingstone alikuwa amekwisha kufa kijijini kwa Chitambo, tarehe 1 Mei 1873. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874, na daftari zake pamoja nao.