Bertalanffy na Nguo za Watoto Mchikichini

Shangazi yangu anauza mitumba ya watoto Mchikichini. Pale mezani kwake ndipo nilipoelewa kitu kilichonipita darasani. Nguo za mwaka wa kwanza zina saizi nyingi, zimebanana. Umri ukisogea, saizi zinaachana. Kiumbe huanza kwa mbio, halafu akikaribia kimo chake anatulia. (Balehe inavuruga kidogo hesabu hii, najua.)

Aliyeandikia jambo hili kanuni ni Ludwig von Bertalanffy. Alizaliwa 1901 karibu na Vienna, Austria, na udaktari wake wa 1926 ulikuwa wa falsafa zaidi kuliko biolojia. Mwaka 1934 akatoa mlinganyo wa ukuaji. Mwili hujengwa kwa kadiri ya eneo la uso wake, hubomoka kwa kadiri ya uzito. Uzito unaongezeka haraka kuliko eneo, kwa hiyo kuna siku kujenga na kubomoka vinalingana. Hapo ndipo kikomo.

Kome wa pwani hana cheti cha kuzaliwa. Unapima maganda mwezi baada ya mwezi, unafuatilia rika moja, unakadiria kikomo cha urefu na kasi ya kukifikia. Ukishageuza urefu kuwa umri, unahesabu wangapi wamebaki katika kila umri, na kupungua kwao kunakupa kiwango cha vifo. Kazi ngumu ni kutenganisha waliokufa wenyewe na waliookotwa maji yakipwa, na hapo ndipo kitoweo cha watu kinapoingia kwenye hesabu. Beverton na Holt walitumia mlinganyo huo kwa samaki katika kitabu chao cha 1957, ukaenea.

Sasa kinachonisumbua. Mwaka 1937 Bertalanffy alikwenda Marekani, akataka kubaki, ikashindikana. Akarudi Vienna iliyokwisha kumezwa na Hitler, na 1938 hiyohiyo akajiunga na chama cha Nazi. Utasikia kwamba alikuwa analinda kibarua chake. Mimi hiyo hainiingii kirahisi, maana wasomi Wayahudi walikuwa wanafukuzwa chuo hichohicho.

Baada ya vita alihamia Kanada mwaka 1949, baadaye yuko Ottawa, na 1968 akatoa kitabu cha nadharia ya mifumo kilichompa jina kubwa zaidi. Alifariki Buffalo, Marekani, tarehe 12 Juni 1972.

Nikienda mazoezi ya kufundisha, nitaandika mlinganyo wake ubaoni na jina lake pembeni. Mwanafunzi akiniuliza alikuwa mtu gani, ya 1938 nitamwambia pia.