Horace Wells, mganga wa meno aliyeangushwa na jaribio moja

Mgonjwa anayeketi leo kwenye kiti cha mganga wa meno anajua kwamba kabla ya jino kung'olewa atapewa dawa ili asisikie maumivu. Miaka 200 iliyopita dawa hiyo haikuwepo. Mgonjwa alishikiliwa kwa nguvu, au alinyweshwa pombe kali, na wengi waliona afadhali kukaa na jino bovu miezi mingi kuliko kukubali koleo. Mmoja wa watu waliobadilisha hali hiyo ni Horace Wells, mganga wa meno wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1848 akiwa na umri wa miaka 33. Dawa aliyoileta ilikuwa ya kweli. Kilichomwangusha ni namna ilivyopimwa: mara moja tu, kwa mgonjwa mmoja, mbele ya watu waliokuja kutazama.

Wells alizaliwa tarehe 21 Januari 1815 katika mji mdogo wa Hartford, jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wakati huo hapakuwa bado na shule ya juu ya udaktari wa meno. Ile ya kwanza ilifunguliwa mjini Baltimore mwaka wa 1840. Kijana aliyetaka kazi hiyo alijifunza kwa kukaa karibu na fundi mwenye ujuzi. Wells alifanya hivyo mjini Boston kuanzia mwaka wa 1834, na miaka miwili baadaye alifungua chumba chake cha kazi katika mji mwingine unaoitwa pia Hartford, huu ukiwa katika jimbo la Connecticut.

Alikuwa fundi hodari na mtu wa kufikiri. Mwaka wa 1838 alichapisha kijitabu kuhusu meno na namna ya kuyatunza. Mwaka huohuo alimwoa Elizabeth Wales, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wao wa pekee, Charles. Vijana walikuja kujifunza kwake, na wawili kati yao watarudi tena katika habari hii: John Riggs na William Morton. Pamoja na Morton, Wells alifungua kwa muda mfupi chumba cha kazi mjini Boston, kabla ya kila mmoja kushika njia yake.

Jambo moja lilimsumbua Wells katika kazi yake, nalo ni maumivu ya wagonjwa. Jibu lilimjia mahali pasipotarajiwa. Tarehe 10 Desemba 1844, mtu mmoja aitwaye Gardner Colton alifika Hartford kuonyesha gesi ya kuchekesha, ile ambayo wanakemia wanaiita protoksidi ya azoti. Gesi hiyo ilijulikana tangu karne ya 18, na mwanasayansi Mwingereza Humphry Davy aliandika mwaka wa 1800 kwamba huenda ingefaa katika upasuaji. Lakini kwa zaidi ya miaka 40 hakuna aliyefuata wazo hilo. Watu walilipa kiingilio, wakavuta gesi, wakacheka na kurukaruka kama walevi, kisha wakaenda nyumbani.

Jioni hiyo kijana mmoja, Samuel Cooley, alivuta gesi, akakimbia huku na huku na kujigonga vibaya mguuni. Aliporudi kuketi damu ilikuwa ikitoka, naye hakuwa amesikia lolote. Watazamaji wengine waliona kichekesho. Wells aliona dawa. Alimwomba Colton alete mfuko wa gesi kwenye chumba chake cha kazi kesho yake. Tarehe 11 Desemba, Wells mwenyewe aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, akavuta gesi mpaka akapotewa na fahamu, na Riggs akamng'oa jino la nyuma. Alipoamka, alisema kwamba hakusikia maumivu.

Colton alimfundisha namna ya kutengeneza gesi hiyo. Katika majuma yaliyofuata Wells aliitumia kwa wagonjwa wapatao 12 au 15, na karibu wote waling'olewa meno bila maumivu. Waganga wengine wa meno wa Hartford nao walianza kuitumia. Wells hakuomba hati ya kumiliki uvumbuzi huo. Hakuna aliyelazimika kumlipa ili aitumie.

Ndipo alipoharakisha. Mnamo Januari 1845 alisafiri hadi Boston, na kwa msaada wa Morton akakutana na John Collins Warren, mpasuaji mwenye sifa kubwa na mwalimu katika chuo cha Harvard. Warren alimruhusu kuzungumza mbele ya wanafunzi wake. Mgonjwa mmoja alipatikana, jino likachaguliwa, mfuko wa gesi ukawekwa mdomoni. Lakini mfuko uliondolewa mapema mno. Jino lilipovutwa mgonjwa alitoa sauti ya maumivu. Ukumbi ulijaa vicheko na kelele za kumwita Wells mdanganyifu. Baadaye mgonjwa huyo alikiri kwamba maumivu hayakuwa kama yale ya kawaida ya kung'oa jino, lakini wakati huo ukumbi ulikuwa umeshatoa hukumu.

Wells alirudi Hartford akiwa amevunjika moyo na mgonjwa. Kwa vipindi virefu aliacha kazi ya meno na kuwaelekeza wagonjwa wake kwa Riggs. Alijaribu shughuli nyingine, kati ya hizo maonyesho ya ndege na viumbe wengine. Ajabu ni kwamba gesi yake haikuacha kufanya kazi. Pale Hartford wenzake waliendelea kuitumia kwa wagonjwa wao. Wagonjwa wale waliokuwa wameng'olewa meno bila maumivu hawakuhesabiwa na yeyote mjini Boston. Aliyehesabiwa ni mmoja tu, yule aliyepiga kelele.

Morton naye hakulala. Alijaribu eteri, kimiminiko ambacho mvuke wake hulaza mtu kwa nguvu na kwa muda mrefu zaidi kuliko gesi ya kuchekesha. Tarehe 30 Septemba 1846 alimng'oa mtu jino kwa eteri. Tarehe 16 Oktoba mwaka huohuo, katika hospitali kuu ya Massachusetts mjini Boston, alimlaza mgonjwa aliyeitwa Gilbert Abbott, na Warren yuleyule akapasua uvimbe shingoni mwake. Abbott alitulia. Baadaye alisema alihisi kama anakwaruzwa shingoni, lakini bila maumivu makali. Habari hiyo ilivuka bahari katika majuma machache.

Ukiweka siku hizo mbili za Boston pamoja, utaona jinsi zilivyofanana. Kila moja ilikuwa na mgonjwa mmoja. Kila mgonjwa alikuwa na la kusema baadaye, na maelezo yao hayakuwa mbali sana. Tofauti kubwa ni kwamba mmoja alitoa sauti na mwingine alinyamaza. Ni kweli kwamba eteri ina nguvu zaidi, na kwa upasuaji mrefu gesi ya Wells peke yake isingetosha. Lakini kwa kung'oa jino, kazi ya dakika moja au mbili, gesi ilitosha, na faida yake ni kwamba mgonjwa huamka upesi. Jambo hilo lisingeweza kujulikana kwa kusikiliza kelele za siku moja. Lilihitaji kuhesabu wagonjwa wengi.

Tofauti na Wells, Morton aliomba hati ya kumiliki uvumbuzi wake pamoja na Charles Jackson, mwanakemia aliyedai kwamba wazo la eteri lilitoka kwake. Ugomvi ulianza na ukafika hadi bunge la Marekani, ambako pendekezo la kutoa zawadi ya dolari 100,000 lilijadiliwa kwa miaka bila mtu yeyote kulipwa. Katika jimbo la Georgia, daktari Crawford Long alikuwa ametumia eteri katika upasuaji tangu Machi 1842, lakini hakuchapisha habari hiyo mpaka mwaka wa 1849.

Wells alitaka kazi yake itambuliwe. Mwanzoni mwa mwaka wa 1847 alikuwa Paris, ambako mganga wa meno Mmarekani, Christopher Brewster, alimpokea vizuri na kumhimiza kuwaeleza wasomi wa Ufaransa alichokifanya. Aliporudi nyumbani mwaka huohuo alichapisha kijitabu cha kutetea haki yake, kikiwa na ushuhuda wa watu wa Hartford waliong'olewa meno kwa gesi tangu mwisho wa mwaka wa 1844.

Mnamo Novemba 1847, dawa ya tatu ilitangazwa huko Edinburgh na daktari James Young Simpson: kloroformu. Ilikuwa na harufu nzuri, ilifanya kazi upesi, na matone machache kwenye kitambaa yalitosha. Wells, akiwa amehamia New York mnamo Januari 1848 peke yake bila familia, alianza kuilinganisha na dawa nyingine kwa njia aliyoizoea: kujijaribu mwenyewe. Alivuta kloroformu siku baada ya siku, na akili yake ikaanza kuvurugika. Siku alipotimiza miaka 33, akiwa amepotewa na akili, alitoka barabarani na kuwamwagia wanawake wawili asidi. Alikamatwa na kufungwa. Akili ziliporudi, alielewa alichokifanya, akaandika barua za kuaga, na tarehe 24 Januari 1848 alijiua gerezani. Barua kutoka kwa Brewster, ikisema kwamba chama cha waganga cha Paris kimemtambua kuwa wa kwanza kutumia gesi ili kuondoa maumivu, ilifika baada ya kifo chake.

Siku nne tu baada ya kifo cha Wells, tarehe 28 Januari 1848, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener alikufa karibu na Newcastle, Uingereza, alipokuwa amelazwa kwa kloroformu ili aondolewe ukucha wa mguu. Hapo waganga walianza kuuliza swali ambalo Boston haikuuliza. Haikutosha tena kujua kama dawa inalaza. Ilibidi kujua ni wangapi wanaoamka. Mwaka wa 1870, mpasuaji Edmund Andrews wa Chicago alichapisha hesabu aliyoikusanya. Kati ya watu 117,078 waliopewa kloroformu, 43 walikufa. Kati ya watu 92,815 waliopewa eteri, walikufa 4. Yaani kloroformu iliua mtu mmoja kwa kila 2,700 hivi, na eteri mtu mmoja kwa kila 23,000 hivi. Mtu aliyetazama wagonjwa 10 wa kila upande asingeweza kuiona tofauti hiyo hata kidogo, na huenda angechagua kloroformu kwa sababu ya harufu yake nzuri.

Gesi ya Wells nayo ilipata nafasi ya kuhesabiwa. Mwaka wa 1863 Colton, yule wa maonyesho, aliirudisha kwa waganga wa meno mjini New Haven, na katika majuma machache zaidi ya meno 3,000 yaling'olewa kwa gesi hiyo. Alihamia New York, akafungua nyumba ya kung'olea meno, na kila mgonjwa alitia sahihi kwenye karatasi ndefu iliyohifadhiwa. Mwaka wa 1867 aliipeleka Paris, na mwaka uliofuata ikafika London. Mwaka huohuo wa 1868, Andrews alipendekeza ichanganywe na oksijeni ili iwe salama zaidi.

Heshima ilifuata. Chama cha waganga wa meno wa Marekani kilimtambua Wells mwaka wa 1864, na chama cha madaktari wa nchi hiyo mwaka wa 1870. Sanamu yake ilisimamishwa Hartford mwaka wa 1875, na nyingine Paris mwaka wa 1910. Elizabeth, mjane wake, alitumia miaka mingi kutetea jina la mumewe.

Leo kloroformu imeachwa katika upasuaji. Gesi ya kuchekesha, ikiwa imechanganywa na oksijeni, bado inatumika katika nchi nyingi kwa watoto wanaoogopa mganga wa meno na kwa akina mama wanaojifungua. Na watafiti wanapotaka kulinganisha njia mbili za kutibu jino au kusafisha kidonda, huwagawa wagonjwa wengi katika makundi mawili kwa kura, kisha muuguzi humwomba kila mgonjwa ataje maumivu yake kwa namba, kuanzia 0 hadi 10, na kuiandika. Namba ya aliyepiga kelele huandikwa, na ya aliyenyamaza pia, kwani anayejua maumivu ni mwenye jino.