Louis Braille: Mwanafunzi Aliyewafunza Walimu

Wanachuo wetu waendapo mazoezini katika shule za Mbeya na Iringa, hutokea wakamkuta darasani mtoto asiyeona. Wakirudi hutuuliza: tuanzie wapi? Maisha ya Louis Braille yanatupa sehemu ya jibu.

Braille alizaliwa tarehe 4 Januari, 1809, katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka 3, mtoto alijichoma jicho kwa chuma cha kutobolea ngozi. Maradhi yakaenea hata jicho la pili, akawa kipofu kabisa. Mwaka 1819 alipelekwa katika shule ya vijana wasioona mjini Paris. Vitabu vya huko vilikuwa na herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi. Mwalimu mwenye macho alizisoma bila taabu, lakini kidole cha mwanafunzi kilizitambua polepole mno.

Mwaka 1821 shule ilipata habari za mfumo wa nukta 12 uliobuniwa na ofisa wa jeshi, Charles Barbier. Braille akatambua kwamba nukta hizo zilizidi upana wa ncha ya kidole. Akazipunguza hadi 6, na mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa imekamilika. Herufi 10 za kwanza hutumia nukta 4 za juu tu. 10 zinazofuata ni zile zile zikiongezewa nukta ya 3.

Baadaye akawa mwalimu shuleni hapo. Hata hivyo, katika miaka ya 1840 mfumo wake ulipigwa marufuku humo, nao wanafunzi wakaendelea kuutumia kwa siri. Alifariki kwa kifua kikuu tarehe 6 Januari, 1852. Shule iliukubali rasmi mwaka 1854. Nchini mwetu, shule ya wasioona ilianzishwa Buigiri, Dodoma, mwaka 1950.

Basi walimu, tuanze na kidole cha mtoto. Matundu 6 ya trei ya mayai na punje za mahindi yatatosha kumfundisha nafasi za nukta. Kibao na kalamu ya chuma vifuate baadaye, kwani hapo huandika kutoka kulia, na kusoma kutoka kushoto. Tusilipime somo kwa macho yetu. Kosa hilo liliwachelewesha wasioona wa Paris miaka 30.