Abraham Lincoln Alipokuwa Mjumbe wa Illinois

Jina la Abraham Lincoln si geni kwenu. Wengi wetu tulilisikia tangu shuleni: Rais wa Marekani aliyetoa tangazo la kuwaachilia watumwa mwaka 1863, akauawa kwa risasi Aprili 1865. Lakini kabla ya hayo alikuwa kwa miaka minane mjumbe wa kawaida tu katika baraza la kutunga sheria la jimbo lake la Illinois, na habari za miaka hiyo hazisimuliwi sana. Ndizo tunazotaka kuzieleza hapa.

Lincoln alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 huko Kentucky, mwana wa mkulima maskini. Siku zote alizokaa darasani, zikijumlishwa, hazikutimia mwaka mmoja. (Jambo hili hutunyamazisha kidogo sisi tuliokula chaki maisha yetu yote.) Mwaka 1831 alihamia kijiji cha New Salem, Illinois, akawa mwuzaji dukani. Mwaka uliofuata, akiwa na miaka 23, akajitokeza kuomba kura. Aliwaahidi watu kwamba atashughulikia mto Sangamon upate kupitika kwa mashua, na kwamba elimu itawafikia wote.

Mara vita vikazuka na Wahindi Wekundu wa Black Hawk, naye akajiandikisha kwenda. Aliporudi, siku za kampeni zilikuwa zimebaki chache mno. Zamani hizo huko Illinois hapakuwa na kura ya siri; mtu alisimama mbele ya makarani akataja kwa sauti jina la amtakaye, na jirani zake wakisikia. Wagombea walikuwa 13, nafasi nne. Lincoln akawa wa nane. Hata hivyo, pale New Salem penyewe, katika kura 300, yeye alipewa 277. Waliomjua walikuwa wamekwisha kumpima.

Alijaribu tena mwaka 1834, safari hii akiwa mkuu wa posta na mpima ardhi, kazi zilizomzungusha nyumba kwa nyumba. Akashinda. Hakuwa na nguo ya kuvaa barazani, basi akakopa dola 200 kwa jirani, akashona suti, akapanda gari la farasi kwenda Vandalia, makao makuu ya jimbo wakati ule. Alichaguliwa tena mwaka 1836, 1838 na 1840. Katikati ya hayo alijisomea sheria kwa vitabu vya kuazima, akapata leseni ya uwakili mwaka 1836.

Msidhani kwamba kila alilofanya barazani lilikuwa la kusifiwa. Wajumbe wa wilaya yake ya Sangamon walikuwa tisa, wote warefu kupita kiasi, wakaitwa Tisa Warefu. Shabaha yao kubwa ilikuwa kuyahamisha makao makuu yaende Springfield, na tarehe 28 Februari 1837 walifaulu. Wakati uo huo Lincoln aliunga mkono mpango wa reli na mifereji wa zaidi ya dola milioni 10, fedha za mkopo. Wapinzani walinung'unika kwamba kura za reli zilibadilishwa kwa kura za Springfield. Mwaka ule ule uchumi wa nchi ukaanguka. Reli fupi moja tu ndiyo iliyopata kukamilika, na miaka michache baadaye jimbo likashindwa kulipa hata riba. Kisha Desemba 1840, alipotaka kuvunja akidi ili kura isipigwe, aliruka nje kupitia dirishani pamoja na wenzake wawili. Jengo lenyewe, kwa kuwa jumba jipya halijakwisha, lilikuwa kanisa! Na kura ikahesabiwa vivyo hivyo.

Lakini liko jambo moja la mwaka 1837. Majimbo ya kusini yalikuwa yamelalamika juu ya vyama vilivyotaka utumwa ukomeshwe, na Januari baraza la Illinois likapitisha maazimio ya kuvilaumu vyama hivyo na kuitetea haki ya kumiliki watumwa kule kusini. Kura za kukubali zilikuwa 77, za kukataa sita. Lincoln alikuwa mmoja wa wale sita. Tarehe 3 Machi, yeye na Dan Stone wakaandikisha pingamizi katika kumbukumbu za baraza, wakisema kwamba utumwa msingi wake ni udhalimu na ni siasa mbaya.

Tuseme kweli: pingamizi lile halikuwa kali. Liliwalaumu pia wakomeshaji kwamba fujo zao zaongeza uovu. Tena Lincoln alingoja mpaka Springfield imekwisha kupatikana, asije akawakasirisha wajumbe aliohitaji kura zao. Huo ndio ulikuwa ujanja wake. Lakini Stone hakugombea tena, na Lincoln alikuwa bado anazihitaji kura za watu ambao wengi wao walitoka kusini. Wala hatari haikuwa ya maneno tu. Novemba mwaka ule ule, katika mji wa Alton, Illinois, mchungaji Elijah Lovejoy aliuawa na kundi la watu akiilinda mashine yake ya kuchapia gazeti la kupinga utumwa.

Yaliyofuata tuyapitie upesi. Alikaa Bunge la Marekani kipindi kimoja, 1847 hadi 1849. Mwaka 1854 alichaguliwa tena katika baraza la jimbo, akakataa kiti ili aombe useneta, kwa kuwa maseneta walichaguliwa na mabaraza ya majimbo. Februari 1855 aliongoza katika kura ya kwanza kwa kura 44, lakini alipoona mpinzani aelekea kupita, akawaomba watu wake wamwunge mkono Lyman Trumbull, aliyeanza na tano tu. Trumbull akapata. Baada ya uchaguzi wa 1858 baraza lile lile likamchagua Stephen Douglas kwa kura 54, Lincoln 46. Miaka miwili baadaye akachaguliwa Rais.

Tarehe 1 Februari 1865 Lincoln alitia sahihi azimio la kurekebisha katiba ili utumwa ukomeshwe katika Marekani yote, likapelekwa kwa majimbo yalithibitishe. Jimbo la kwanza kulithibitisha, siku ile ile, lilikuwa Illinois.