Sebastian Bach na Sifa za Watu

Wako Wakristo wawezao kuvumilia matukano, walakini wakisifiwa huanguka. Kwa hiyo yafaa tukumbuke habari za Johann Sebastian Bach, fundi mkuu wa nyimbo katika Kanisa la Kilutheri.

Alizaliwa tarehe 21 Machi 1685 katika mji wa Eisenach, nchi ya Ujerumani. Kabla hajatimiza miaka kumi alifiwa na mama, kisha na baba, akalelewa na ndugu yake mkubwa. Alipokuwa kijana wa miaka 20 alikuwa mpiga kinanda wa kanisa huko Arnstadt, na watu walikwisha kumsifu. Lakini alikwenda kwa miguu hata Lübeck, mwendo wa kilometa zaidi ya 400, ili ajifunze kwa mzee Buxtehude. Alipewa ruhusa ya majuma manne, akakawia karibu miezi minne. Aliporudi wakubwa wa kanisa wakamkemea.

Tusidhani basi ya kuwa alikuwa mpole sikuzote. Alikuwa mwepesi wa hasira, na huko Leipzig, alikokuwa mwalimu wa waimbaji tangu mwaka 1723, aligombana mara nyingi na wakuu wa mji. Hata kazi hiyo hakuchaguliwa wa kwanza: walimtaka Telemann, kisha Graupner, na hao walipokosekana ndipo wakamchukua Bach.

Katika miaka yake ya kwanza huko alitunga wimbo mpya wa ibada karibu kila juma. Mara nyingi mwanzo wa karatasi aliandika herufi mbili, maana yake, Yesu, usaidie. Mwisho aliandika tatu, S.D.G., maana yake, utukufu ni wa Mungu peke yake. Watu walioketi kanisani hawakuziona herufi hizo. Hakuziandika ili aonekane mnyenyekevu.

Mwezi wa Mei 1747 alifika Potsdam kwa mfalme Friedrich wa Prussia, ambaye mwana wake Bach, Carl Philipp Emanuel, alikuwa mpiga kinanda wake. Mfalme akampa sauti moja, akamtaka atunge juu yake papo hapo wimbo ambao sauti zake hufuatana. Bach akapiga, wote waliokuwapo wakastaajabu, na habari zake zikaandikwa katika gazeti la Berlin. Walakini yeye mwenyewe aliona ya kuwa sauti ile ilistahili kazi bora kuliko aliyoifanya bila kujitayarisha. Akarudi Leipzig, akaishughulikia upya, na mwezi wa Julai akamtolea mfalme kazi iliyochapwa, akiukiri upungufu ule katika maneno ya mwanzo.

Hapa ndipo tuonapo unyenyekevu wake. Hakuikana karama yake, wala hakusema kwamba kazi njema ni mbaya. Aliipima kazi kwa jinsi ilivyopasa kuwa, asiipime kwa mshangao wa watu.

Mwaka 1750 alipasuliwa macho mara mbili asipone, akafa tarehe 28 Julai. Alizikwa Leipzig, na kaburini pake hapakuwekwa jiwe lenye jina. Wimbo wake mkuu wa Mateso ya Bwana kwa habari ya Mathayo ulikaa kimya miaka mingi, hata Felix Mendelssohn, kijana wa miaka 20, alipouimbisha Berlin mwaka 1829. Kama Bach angalifanya kazi kwa ajili ya sifa, angalikufa kabla ya kulipwa mshahara wake.

Nawe mwalimu wa waimbaji, nawe mhubiri, watu wakikushukuru mlangoni mwa kanisa, pokea shukrani yao kwa upole, wala usijifanye hujui kitu. Kisha rudi nyumbani, ukaangalie palipopunguka, ukapatengeneze kabla ya Jumapili ijayo.